Usikiri Kosa, Baba

Nilikuwa darasani nikijifunza nani alipe mtu akigongwa, na saa ile ile baba yangu akagonga mtu. Nikiwasimulia watu hivyo hucheka kwanza, na siwalaumu. Mimi sikucheka.

Darasa letu liko Kamwokya, hapa Kampala, ghorofani, juu ya duka la spika ambalo halijui kunyamaza. Tunasomea usaidizi wa kisheria. Hatutakuwa mawakili, tusidanganyane. Kazi yetu ni kukaa kati ya mwananchi na wakili, kumweleza aliyeumizwa haki yake ni ipi na mlango wa kwanza wa kubisha ni upi. Mwalimu wetu ni wakili Otema, mtu mwembamba mwenye hasira za karibu, na siku ile alikuwa akishindana na muziki wa chini kutufundisha uzembe wa barabarani.

"Sheria ina maswali yake," alisema. "Ulikuwa na wajibu wa kumwangalia huyu mtu? Ulimwangalia? Ameumia? Ameumia kwa sababu yako?" Kisha akaingia kwenye bima, na hapo akaupiga ubao kwa kiganja. "Dereva mwenye bima hakiri kosa! Hasemi samahani, hasemi nilikosa. Akikiri, kampuni itamwambia, umetufungia mlango kabla hatujajitetea. Basi mteja akija kwenu, kwanza mzibeni mdomo."

Nililipenda neno hilo. Nililirudia kimoyomoyo, mzibe mdomo, mzibe mdomo, na simu ikatetemeka mfukoni.

"Raisa," alisema baba, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimegonga mtu wa bodaboda, hapa Nakivubo. Niko polisi. Wamenitoa haraka, watu walikuwa wameanza kuokota mawe."

Aliyekaa Kampala haambiwi mawe hayo ni ya nini. Ukimgonga bodaboda, wenzake wanafika kabla hujashuka garini, na hawaji kuuliza jina lako.

Nilikimbia hadi kituoni. Nilimkuta ameketi kwenye benchi, kanzu imechafuka magotini, anatazama ukuta. Baba yangu anaitwa Abubaker, Mnubi wa Wanubi, mjukuu wa wale askari wa Sudani walioletwa na Wazungu kisha wakaachwa papa hapa na bunduki zao na misikiti yao. Ana majivuno mawili, ndevu zake nyeupe, na kwamba tangu aanze kuendesha hajawahi hata kukwaruza gari la mtu. Pikapu yake hubeba mizigo ya wenye maduka kutoka Kikuubo. Mama alifariki zamani. Tumebaki yeye na mimi, na nyumba ya urithi.

Sikumwuliza kama ameumia. Nilimwuliza, "Umesema nini kwa polisi?"

"Bado sijasema."

"Usiseme. Usikiri kosa, Baba. Hata samahani usitamke, bima itatukimbia."

Sasa, nyumba yetu ina desturi yake. Ukimwumiza mtu, huli tena kwako kabla hujaenda kwao. Unachukua sukari na mkeka, unafuatana na wazee, unakaa chini pamoja nao na kusema kwa kinywa chako, "Ni mimi." Mengine yote hufuata baada ya hapo. Babu alikwenda hivyo hata kwa mtu aliyeng'atwa na mbwa wetu, na mtu mwenyewe alikuwa mwizi wa ndizi. Basi nilijua baba atanigombeza. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kukubaliana nami hata juu ya chumvi ya mchuzi.

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nami nikavimba kichwa! Ilinipasa kuliogopa neno lile "sawa" kuliko mawe ya Nakivubo. Baba alikuwa amepata mahali pa kujificha, nami nilidhani amepata heshima kwangu.

Aliyegongwa aliitwa Ocira, kijana wa Kiacholi. Mguu wake ulivunjika vibaya, wakamtia vyuma vilivyotokeza nje ya ngozi. Alinipigia simu mwenyewe kutoka kitandani hospitalini, namba alipewa na polisi.

"Dada, mimi ni Ocira. Mimi sitaki vita. Nataka mzee kuja kuona mimi. Kwetu, mtu anakuja yeye mwenyewe, anasema ni mimi nilifanya. Basi, tunaongea."

Ilikuwa desturi yetu ile ile, imetoka kwenye kinywa cha Mwacholi. Ningeweza kulia pale pale. Badala yake nikatoa sauti niliyoiazima kwa wakili Otema, nikamwambia mambo yote yapitie kwa bima.

"Bima ndiyo iligonga mimi?" akauliza, kisha akakata.

Tangu siku hiyo bodaboda walianza kupita mbele ya geti letu polepole. Mmoja alikuwa akifika, anazima injini, anatazama nyumba, anawasha na kwenda zake. Pengine alikuwa akitafuta mteja. Pengine alikuwa mtu wa steji ya Ocira, kijiwe chao cha kungojea abiria, anayeihesabu milango yetu. Sikuwa na njia ya kujua, na hiyo ndiyo iliyoniua. Niliacha kuanika nguo nje. Nilizoea kula nimesimama, sikio langu likiwa barabarani, na kila injini iliyopunguza mwendo ilinikausha mate. Baba hakuuliza kitu. Alikaa kwenye kiti chake na tasbihi, na pikapu ilipoachiwa na polisi alizitia funguo mfukoni mwa kanzu.

Kampuni ya bima ilituarifu kwamba mpelelezi wao, Bwana Odyek, atakuja nyumbani kuchukua maelezo. Nikaanza kumzoesha baba.

"Alitokea wapi?"

"Ghafla, upande wa kushoto."

"Ukafanya nini?"

"Nilifunga breki. Sikuwa na la kufanya."

Maneno yalikuwa yake tangu mwanzo, mimi niliyapiga pasi tu. Yalikaa vizuri, nikajisifu, nikaona sasa ninakosa shahidi wa kuyashikilia. Kwa hiyo nikashuka Nakivubo kumtafuta.

Mahali pale pana mama mmoja anayeuza mitandio ukingoni mwa barabara, jina lake Bushira. Nilimwambia mimi ni mtu wa sheria. Hakuuliza wa upande gani.

"Alitokea wapi, unasema?" alinishangaa. "Kijana alikuwa amesimama, dada. Amesimama kabisa, anafunga mzigo ya mteja. Mzee alikuja polepole, kama mtu anakuja kusalimia. Sisi tukapiga kelele, we mzee, we mzee! Hata breki hakugusa. Banange, ilikuwa kama kijana hayuko."

Jua lilikuwa kali, watu wananisukuma huku na huku, nami nikahisi baridi. Nilimshukuru, nikanunua mtandio nisioutaka, nikarudi nyumbani nikirudia maneno yake. Ilikuwa kama kijana hayuko.

Nilifika adhuhuri imeshapita. Mlango ulikuwa wazi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, uso mbele, tasbihi inatembea vidoleni. Nilivua viatu. Sijui nani aliniambia nifanye nilichofanya. Niliingia bila salamu, nikinyata kama mwizi ndani ya nyumba yetu, nikasimama kushoto kwake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Aliendelea kutazama mbele, midomo ikimtaja Mungu.

Niliinua mkono wangu kando ya uso wake. Hakuna. Niliupunga. Hakuna. Nikaupeleka mbele taratibu, kidogo kidogo, na ulipokuwa karibu kuifikia pua yake, baba aliruka kitini.

"Nani!" alipiga ukelele. Tasbihi ilianguka. "Nani huyo?"

Nilikuwa nimeshazoea kuwaogopa watu wa barabarani. Hofu hii ilikuwa nyingine. Nilimwogopa baba yangu, niliogopa ile nafasi iliyo kando yake ambamo mtu anaweza kusimama na kupumua, na asiwepo. Nilikuwa nimesimama humo mwenyewe.

"Ni mimi, Baba."

Alijua kwamba nimejua. Alipapasa sakafu akitafuta tasbihi, nami sikumsaidia.

"Ni presha ya macho," alisema mwishowe. "Daktari aliniambia kabla ya Ramadhani iliyopita. Pembeni kote kumeliwa. Mbele naona, lakini ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo."

"Na watu wa bima walipokuuliza afya yako?"

"Nilisema mzima. Ulitaka niseme nini? Dereva kipofu atakula wapi?"

Mficha maradhi kifo humfichua, ndivyo walivyosema wahenga. Hawakusema kwamba kifo kinaweza kuanza kwa jirani.

Nilimpigia wakili Otema, nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki. Baba yake rafiki huyo ana ugonjwa, aliuficha kwa bima, halafu akagonga mtu. Otema alishusha pumzi. Bima imejengwa juu ya ukweli, alisema. Unalojua na lina uzito, wanapaswa kulijua. Ukilificha, kampuni ina sababu ya kujitoa, na hapo aliyeumia atamgeukia dereva, na alichonacho dereva ndicho kitakachochukuliwa.

"Na kama rafiki yangu atanyamaza?" niliuliza.

"Ananyamaza tu, au anamkaririsha mzee wake uongo?"

Niliihamishia simu sikio la pili.

"Maana akimkaririsha, Raisa, naye ana kesi yake. Mwambie huyo rafiki."

Hakuuliza jina la rafiki.

Nilikaa jikoni nikatazama mambo yalivyo, na hayakuwa magumu kuyaelewa, yalikuwa magumu kuyabeba. Tukisema kweli, kampuni inaondoka, nyumba inakwenda, na pengine baba naye anakwenda, uzee wake wote nyuma ya nondo. Tukisema uongo, Ocira ndiye mzembe aliyejirusha mbele ya gari, na mguu wake ni shauri yake. Tena uongo ukifaulu, baba atawasha pikapu kesho kutwa na kuteremka Kikuubo, katikati ya wachukuzi na watoto wa shule, akichungulia kwenye tundu lake.

Baba alikuja akasimama mlangoni pa jikoni, mkono kwenye fremu. Sikuwahi kuona kwamba hushika fremu.

"Kesho niseme nini?" aliuliza.

Nilitazama ukuta, vile vikapu alivyosuka mama, rangi zake bado kali. "Sema vile tulivyojizoeza," nilisema, na sauti ilikuwa kama si yangu.

Odyek alikuja asubuhi, kijana wa adabu, shati limenyooka, sauti ya chini. Nilikuwa nimeamka mapema kupanga viti. Kiti cha mgeni nilikiweka mbele ya baba moja kwa moja, ili kila atakachotakiwa kukiona kiwe ndani ya tundu lake. Meza niliiondoa asije akaikwaa. Chai nilimpa baba mkononi. Nilipanga kila kitu, na Odyek alipoanza kuuliza, baba alijibu vizuri mpaka nikashangaa, polepole, kwa heshima, akimtazama mtu machoni. Ghafla, upande wa kushoto. Nilifunga breki. Kalamu ya Odyek ilikimbia.

Ndipo nikazisikia injini.

Moja ilifika ikazima. Nyingine ikafika ikazima. Halafu zikaja kwa pamoja, nikaenda dirishani nikaona barabara yote mbele ya geti imejaa bodaboda, watu wameketi juu ya pikipiki zao, wamekunja mikono, hawasemi. Ukimya wao ulinitisha kuliko matusi. Katikati yao walikuwa wakimteremsha mtu taratibu, wakampa magongo. Hakuna aliyemwambia nyumba yetu iko wapi, lakini bodaboda wa mji huu unawaficha nyumba gani?

Nilitoka hadi barazani kumzuia. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba mzee anaumwa, kwamba njoo siku nyingine, kwamba bima. Ocira aliwaonyesha wenzake kwa kichwa wabaki getini. Alipanda ngazi yetu peke yake, jasho likimtiririka usoni, akanitazama, na maneno yangu yakakauka. Nilijitenga na mlango, akapita.

Magongo yake yalikuwa na mpira chini, na sebule yetu ina zulia. Baba alisikia nyayo akadhani ni mimi. Odyek aliinua macho. Alikuwa amekwisha kumhoji Ocira hospitalini, alimjua. Akamngojea mwenye nyumba amkaribishe mgeni, maana hivyo ndivyo ilivyo. Mzee wa Kiislamu, mtu ameingia sebuleni kwake, tena kilema wa magongo, na asimpe hata salaam aleikum? Kwetu jambo hilo halipo.

Ocira aliketi kwenye kochi, kushoto kwa baba. Aliunyoosha mguu. Vyuma vilitokeza kwenye bendeji yenye madoa ya manjano, na ncha yake ilikaribia kuigusa kanzu ya baba.

Baba akaendelea. "Vijana hawa, ofisa, wanaendesha bila kuangalia. Nafikiri na pombe ilikuwamo. Alitokea tu, puu, kushoto."

Pombe haikuwamo katika mazoezi yetu. Aliiongeza mwenyewe, alikuwa amenogewa. Nilimtazama Ocira akisikiliza. Uso wake haukubadilika, ila taya lilikuwa linacheza. Nilijua akipaza sauti, neno moja tu, wale wa getini wataingia, na hakutabaki pikapu, wala mlango, wala baba. Nilishika ukuta.

Odyek aliweka kalamu juu ya goti. "Mzee," alisema taratibu, "huyo kijana, unamjua uso wake?"

"Nitamjuaje? Sijamwona tangu siku ile."

Kisha Ocira akasema, bila kupaza sauti.

"Mzee. Mimi niliona wewe. Ulikuja polepole. Ningeruka, nafasi ilikuwa. Lakini nikafikiri, mzee na ndevu nyeupe hivi, huyu anaona mimi."

Kikombe kilimwagika juu ya kanzu. Kichwa cha baba kiligeuka kuelekea kwenye sauti, kikampita Ocira, kikaenda hadi dirishani, kikarudi, kikampita tena. Alikuwa akimtafuta. Sijapata kuona mtu mzima akiogopa vile, mdomo wazi, macho yanahangaika, chai ya moto inamchuruzika mapajani na yeye haisikii.

"Baba, nyamaza!" nilisema. Hata pale, naapa. "Usikiri!"

Aliinua mkono wake kunizima, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto nikiingilia mazungumzo ya wakubwa. Kisha akateleza kutoka kitini, taratibu, akikamata mkono wa kiti, mpaka akaketi chini juu ya zulia.

"Ni mimi," alisema. "Sikukuona, mwanangu. Hata sasa sikuoni. Uko wapi?"

"Niko hapa," alisema Ocira.

Baba alinyoosha mkono upande ambao hakuwapo mtu. Odyek alimtazama muda, akaokota kalamu yake, halafu akanigeukia mimi. Alikuwa bado mtu wa adabu.

"Binti," alisema, "wewe ndiye mtu mwingine uliyekuwapo hapa. Umeyasikia maneno ya mzee?"

Getini mtu mmoja aliwasha pikipiki, akazima. Nilijua jibu langu linachukua nini. Niliiona nyumba ikiuzwa, nilimwona baba akipanda gari la polisi akipapasa mlango, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Baba alikuwa amekaa chini, uso ameuelekeza kwangu, au mahali alipodhani nipo.

"Nimeyasikia," nikasema.